Vita vikiingia Goma: jinsi binti wa nyumba anavyopunguza safari za nje

Mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia Goma, mji wa Kivu mashariki mwa Kongo, maji ya bomba na umeme vilikatika, benki zikafungwa, na watu wakashuka ziwani na bidoni (madumu) zao. Nyumba nyingi za Kivu, anayebebeshwa bidoni ni binti. Kaka zake wanafichwa wasije wakachukuliwa kwa nguvu kwenda kupigana, na mama ana mtoto mgongoni. Ndiyo maana hatari yake kubwa mara nyingi iko njiani: kwenda ziwani, sokoni, au kutafuta kuni. Safari ikipungua, hatari inapungua. Mengine yote hapa chini yanatoka kwenye hilo.

Maji

Anza na hesabu. Mtu mmoja hutumia lita 15 kwa siku kunywa, kupika na kunawa. Mambo yakibana sana, lita 7 na nusu. Watu sita ni lita 90, yaani bidoni nne na nusu za lita 20, kila moja kilo 20 kichwani. Mkibana hadi lita 45, zinabaki bidoni mbili na kidogo. Risasi zikianza kusikika mbali, jaza kila chombo kilichomo ndani, mabeseni na sufuria pia, kabla bomba halijakauka. Maji yaliyooshea mboga yafulie nguo, na yaliyofulia yamwagwe chooni.

Mvua ni safari ambayo hukuifanya. Bati la mita 20 za mraba likipata milimita 10 za mvua hutoa lita 200, yaani bidoni kumi. Acha mvua ioshe bati kwa dakika kumi hivi, ndipo usogeze beseni chini. Lakini hapa kuna volkano ya Nyiragongo: majivu na gesi yake huingia kwenye mvua na kuyatia maji floridi, na kuchemsha hakuiondoi. Basi maji ya bati yawe ya kufua, kuoga na kudeki, ya ziwa yaliyotibiwa yawe ya kunywa.

Kutibu maji ya ziwa: yaache yatulie usiku kucha, kisha yamimine polepole kupitia kikwembe (kitenge) safi kilichokunjwa mara nne, ukiacha tope chini. Tia javeli (klorini ya maji ya kufulia) ya asilimia 5, matone 2 kwa lita. Kwa bidoni ya lita 20 ni matone 40, ambayo ni mililita 2; sindano ya dukani isiyo na ncha hupima vizuri kuliko kuhesabu matone gizani. Maji yakiwa bado na ukungu, tia mara mbili ya hapo. Tikisa, subiri dakika 30, kisha nusa: lazima kuwe na harufu hafifu ya javeli. Isiposikika, rudia kipimo kilekile na usubiri dakika 15 nyingine. Ikikosekana tena, mara nyingi kosa ni la chupa, ya zamani au iliyokaa juani hadi nguvu ikaisha. Javeli yenye manukato au rangi ni ya sakafu, usiinywe. Kuchemsha nako kunafaa, dakika moja baada ya maji kutokota kwa nguvu (milimani juu ya mita 2,000, dakika tatu), ila kunakula makala (makaa).

Mtu akianza kuharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele, mpeleke kituo cha kipindupindu, na mnyweshe njiani. Lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa kwa kisu. Onja: yasizidi chumvi ya machozi. Chumvi ikizidi inamdhuru mtoto, na sukari ikizidi inaongeza kuharisha. Kila akienda choo, mtoto chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100, wa miaka miwili hadi kumi 100 hadi 200, mkubwa anywe kadiri awezavyo. Yakipita saa 24, mwaga.

Makala na maharagi

Wanawake wa kambi za kando ya Goma wamebakwa wakitafuta kuni upande wa mbuga ya Virunga. Kila mbabula (jiko la makala) unaouokoa una maana.

Loweka maharagi saa 8 hadi 12, mwaga maji hayo, tia mapya. Yachemshe kwa nguvu dakika 15 kamili. Usipunguze hapa, maana maharagi mekundu yaliyopashwa moto tu bila kutokota huleta matapishi mabaya. Kisha epua sufuria na kifuniko chake, iweke haraka ndani ya kikapu au boksi lenye blanketi chini, izungushie nguo nzito pande zote na juu, usifungue kwa saa nne au tano. Yataiva kwa joto lake. Yakitoka magumu, ama sufuria haikujaa (iwe robo tatu au zaidi, kidogo hupoa upesi), ama kuna aliyefunua kuchungulia. Yachemshe tena kabla ya kula.

Ukilazimika kutoka

Msiende wawili, nendeni watano au zaidi, na mmoja awe mama mtu mzima. Subirini kupambazuke kabisa. Kabla ya kutoka, ulizeni wanaorudi: nani yuko kwenye barieri (kizuizi cha barabarani) leo, na je, wamekunywa pombe? Njia iliyokuwa shwari jana si hoja. Nyumbani wajue njia mnayopita na saa ya kurudi.

Beba kadi ya uchaguzi, kwani ndiyo kitambulisho chetu cha kila siku. Nakala yake ibaki kwa mtu mwingine, nje ya nyumba yenu. Kwenye simu futa picha za askari, sauti za WhatsApp zinazozungumzia vita, na makundi ya siasa, kisha futa pia kwenye kapu la picha zilizofutwa, maana wanajua kulifungua. Usiisafishe ikawa tupu: simu isiyo na chochote inatia shaka kuliko yenye picha za harusi na kwaya.

Pesa zigawe. Franka kidogo mfukoni za kutoa ukiombwa, nyingine kwenye pindo la kikwembe: kunja pindo la upana wa sentimita nne, tia noti moja moja ndani ya plastiki ili zisichakae kwa jasho, shona kwa uzi wa rangi ya kitambaa, sehemu tatu tofauti. Dola iliyochanika hukataliwa dukani, kwa hiyo usiikunje vipande vidogo. Usitegemee sidiria, ndipo wanapoanzia kupekua.

Risasi zikiwakuta ndani, kumbukeni kwamba mbao na bati haviizuii. Laleni chini, kuwe na kuta mbili kati yenu na nje, za mawe ya volkano kama zipo, mbali na dirisha. Godoro linakinga vioo tu. Asubuhi yake, watoto wasiokote chuma chochote kilichoanguka.

Hedhi

Kata vitambaa vya pamba vya sentimita 30 kwa 30, sita au zaidi. Fua kwa maji baridi kwanza, ya moto hugandisha damu, kisha kwa sabuni, na anika juani. Kuvificha kitandani vikiwa na unyevu ndiko kunakoleta muwasho na harufu, si hedhi yenyewe.

Ikitokea umebakwa

Saa zinahesabika. Dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi ianze ndani ya saa 72, na kila saa unayowahi inafaa; humezwa siku 28 bila kukatiza. Dawa ya kuzuia mimba inafaa hadi saa 120, lakini hupungua nguvu kadiri unavyochelewa. Utapewa pia chanjo ya homa ya ini B na ya pepopunda, na dawa za magonjwa ya zinaa. Huduma hizi zipo hospitali ya HEAL Africa mjini Goma na ya Panzi mjini Bukavu. Baadhi ya vituo vya afya navyo huwa na kiti PEP (boksi la dawa hizi), jina ambalo unaweza kulitaja mlangoni bila kueleza zaidi. Usingoje karatasi ya polisi wala ruhusa ya familia.

Ukiweza, usioge kabla ya kuonwa na daktari. Nguo ulizovaa zitie kwenye mfuko wa karatasi. Ndani ya plastiki huoza na ushahidi hupotea. Lakini kama umekwisha kuoga, nenda hivyohivyo, dawa haziangalii hilo.

Dawa za mwanzo huleta kichefuchefu. Zimeze baada ya chakula, na ukitapika ndani ya saa mbili rudi uulize kama urudie. Mkilazimika kuhama kabla ya siku 28, omba vidonge vyote vilivyobaki na karatasi yenye majina yake, ili kituo cha mbele kiendeleze palepale. Kipimo cha damu hurudiwa baada ya miezi mitatu.