Namna ya Kufundisha Upimaji wa Programu Chuo Kikuu

Wahadhiri wengi huanza somo la upimaji wa programu kwa fasili na aina zake, ambazo mwanafunzi huzikariri usiku wa kuamkia mtihani. Ni afadhali katika wiki ya kwanza apewe maelezo mafupi ya programu ambayo msimbo wake, yaani maagizo yaliyoandikwa kwa kompyuta, hajauona, kisha aandike majaribio yake, pamoja na jibu analolitarajia kwa kila jaribio, kabla hajaigusa kompyuta. Sharti hilo la jibu lisilegezwe, kwa kuwa anayeendesha programu kwanza huelekea kukubali chochote itakachomtolea.

Chagua mfano anaoufahamu, kama vile programu inayogeuza alama kuwa madaraja: 70 hadi 100 ni A, 40 hadi 69 ni C, na chini ya 40 ni F. Wengi watajaribu 85, 55 na 20. Majaribio hayo matatu hupitia kila mstari wa msimbo, na chombo kinachohesabu mistari iliyoguswa kitaonyesha asilimia 100. Sasa, mbele ya darasa, palipoandikwa >= 70 weka > 70. Majaribio yote yatafaulu tena, ilhali mwenye 70 kamili amenyimwa A yake. Hapo hakuna atakayeuliza kwa nini mipaka hupimwa pande zote mbili, yaani 69 na 70, 39 na 40. Na aliye makini atataka kujua programu ifanye nini ikipewa -1 au 101, jambo ambalo maelezo hayakulisema.

Zoezi hilo likuzwe liwe kazi ya muhula mzima. Andaa nakala kadhaa za programu moja, kila moja ikiwa na hitilafu uliyoipanda makusudi, pamoja na nakala moja iliyo sahihi. Majaribio ya mwanafunzi yaendeshwe kwa pytest au JUnit, vyombo vya kuendeshea majaribio katika lugha za Python na Java, dhidi ya nakala zote, naye apate alama kwa hitilafu alizozinasa, wala si kwa wingi wa majaribio. Jaribio linalokataa nakala sahihi likatwe alama, la sivyo watakuwapo watakaoandika majaribio ya kukataa kila kitu. Kwa Java, chombo cha PIT huzalisha hitilafu za namna hii chenyewe, nafuu kubwa kwa mhadhiri aliyeelemewa na darasa kubwa.

Tenga kipindi kimoja kwa ajali ya roketi ya Ariane 5, iliyoharibika tarehe 4 Juni 1996, takriban sekunde 40 baada ya kuanza safari. Programu ya kifaa chake cha kupima mwendo na mwelekeo ilirithiwa kutoka roketi iliyoitangulia, Ariane 4, na thamani inayohusiana na kasi ya mlalo ikazidi uwezo wa nambari kamili ya biti 16. Waulize wanafunzi ni jaribio gani lingeinasa hitilafu hiyo, na usikubali jibu la “kupima zaidi”: wataje data yenyewe, yaani mwendo halisi wa Ariane 5, ambao kifaa hicho hakikupimwa nao.

Mwishoni mwa muhula wabadilishane miradi na kuandikiana ripoti za hitilafu zenye hatua za kuifanya hitilafu itokee tena, matokeo yaliyotarajiwa na yaliyopatikana. Ripoti ambayo hitilafu yake haikutokea tena mwenye mradi alipofuata hatua hizo irudishwe kwa mwandishi wake, bila alama, hadi airekebishe.