Kunywa kwa mafunda: jinsi ya kujiandaa na kupona upasuaji wa kupunguza uzito

Chukua glasi ya maji na kijiko cha chai. Yanywe maji yote kwa kijiko, bila kugida hata mara moja, huku ukitazama saa. Ukimaliza utakuwa umezielewa wiki zako mbili za kwanza baada ya upasuaji kuliko nitakavyoweza kukueleza.

Mimi ni muuguzi, na wodi ninayofanyia kazi hulaza watu waliopunguzwa mfuko wa tumbo. Wagonjwa wangu wengi huogopa kisu. Huuliza kovu litakuwa refu kiasi gani, nyuzi zitatolewa lini. Lakini wanaorudishwa wodini baada ya siku chache, mara nyingi si kwa sababu ya kidonda. Wanarudi midomo imekauka, mkojo umekuwa rangi ya chai, wakisimama dunia inazunguka. Wamekosa maji tu. Kwa hiyo utaniona nikirudi kwenye maji mara kwa mara.

Hospitali hutofautiana kidogo kwa siku na vipimo. Timu yako ikikuambia tofauti na haya, wasikilize wao.

Hatua ya 1: Jua unafanyiwa nini

Utashangaa ni wangapi hufika siku ya upasuaji hawajui. Aina mbili ndizo zinazofanywa zaidi. Kwenye slivu, daktari hukata na kuondoa kabisa karibu asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa tumbo, akabakiza bomba jembamba lenye umbo la ndizi. Sehemu inayoondolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi ghrelini, homoni inayoleta njaa, na ndiyo maana wengi miezi ya mwanzo hula kwa kukumbushwa na saa. Kilichokatwa hakirudi. Kwenye baipasi, daktari hutengeneza kifuko cha kama mililita 30, kidogo kuliko yai la kuku, akakiunga moja kwa moja na utumbo mwembamba. Chakula huruka sehemu kubwa ya tumbo pamoja na mwanzo wa utumbo, mahali ambapo madini ya chuma na kalsiamu hufyonzwa zaidi.

Kama una kiungulia kikali, liseme hilo mapema. Slivu inaweza kukizidisha. Baipasi mara nyingi hukituliza.

Kuhusu nani anafaa: vigezo vilivyowekwa Marekani mwaka 1991 vilitaka BMI, yaani kipimo cha uzito kikilinganishwa na urefu, ya 40, au 35 kwa mwenye ugonjwa unaotokana na uzito. Mwaka 2022 jumuiya za wapasuaji zilishusha kiwango: 35 hata bila ugonjwa, na kuanzia 30 kwa mtu mwenye kisukari cha aina ya pili. Kwa watu wenye asili ya Asia viwango viko chini zaidi.

Hatua ya 2: Miezi ya kabla

Sigara kwanza. Acha angalau wiki sita kabla, na usirudi tena. Kwa aliyefanyiwa baipasi, moshi huleta vidonda pale kifuko kilipoungwa na utumbo, na vidonda hivyo huvuja damu, hata kutoboka.

Pima damu: wekundu wa damu, madini ya chuma, vitamini B12, vitamini D. Mwili mnene haumaanishi mwili ulioshiba virutubisho; wengi huanza safari hii tayari wana upungufu, na ni rahisi kuurekebisha sasa kuliko baadaye. Kama unakoroma na kukatika pumzi usingizini, sema, upimwe. Ukipewa mashine ya kupumulia usiku, uje nayo hospitali, usiiache nyumbani kwa aibu.

Andika dawa zako zote, za kienyeji nazo. Za kuzuia damu kuganda, za sukari, za presha, vidonge vya uzazi wa mpango. Dawa za sukari za kundi la dapagliflozini na empagliflozini husimamishwa siku chache kabla, kwa sababu zinaweza kuleta sumu ya asidi kwenye damu hata sukari ikisoma karibu na kawaida. Usizisimamishe mwenyewe. Uliza tarehe.

Halafu mazoezi ya mezani, ambayo hayana gharama na karibu kila mtu huyaruka. Tafuna kila tonge hadi liwe uji. Weka kijiko chini kati ya tonge na tonge. Acha kunywa unapokula, kisha subiri nusu saa ndipo unywe. Mtu aliyezoea kushushia chakula kwa glasi mbili za kitu baridi atateseka kujifunza haya akiwa na mshono tumboni.

Hatua ya 3: Wiki mbili za ini

Hatua hii ndiyo watu huibia, nami ndiyo ninayoisisitiza kupita zote za kabla.

Upande wa kushoto wa ini hulala juu ya tumbo, kama mfuniko. Daktari akiingiza kamera na vyuma vyake kupitia matundu madogo, lazima aliinue ini ili aone anachokata. Kwa watu wengi wenye uzito mkubwa ini limejaa mafuta: zito, limevimba, likiguswa vibaya linachanika na kutoa damu. Ndani yake pia kuna akiba ya sukari iitwayo glikojeni, na kila gramu ya akiba hiyo huhifadhiwa pamoja na gramu kama tatu za maji. Ukipunguza wanga na mafuta kwa wiki mbili, kwa kawaida kwenye kalori 800 hadi 1,200 kwa siku, mwili huitumia ile akiba, maji hutoka nayo, mafuta hupungua, na ini husinyaa na kulainika. Ndiyo maana wiki hizo mbili zina faida kubwa kuliko zinavyoonekana kwenye mizani.

Nimewahi kumpokea mgonjwa kutoka chumba cha upasuaji akiwa na matundu yake yote tumboni, lakini mfuko wa tumbo wenyewe haujaguswa. Ini lilikataa kuinuka. Usiku ule akaniita kitandani: “Sista, nikuambie ukweli? Niliagana na chakula wiki nzima.” Kuagana na chakula nimekuja kukuona kwa wengi. Kila jioni ni karamu ya mwisho, mpaka siku inafika.

Kama unatumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari kwa nguvu, dozi lazima ipangwe upya kabla hujaanza mlo huu. La sivyo sukari itakuporomokea.

Hatua ya 4: Siku yenyewe

Hapa sina mengi. Kwa kawaida chakula husimama angalau muda wa saa sita kabla ya dawa ya usingizi, na maji matupu muda wa saa mbili, ila fuata karatasi uliyopewa. Ukizinduka unaweza kusikia maumivu begani ukajiuliza bega limefanyiwa nini. Ni ile gesi ya kaboni dioksidi iliyotumika kulipanua tumbo. Inausumbua msuli wa kupumulia, na neva zake hupeleka malalamiko begani. Huisha kwa siku chache.

Siku hiyohiyo tutakusimamisha utembee. Utanichukia kidogo. Damu ikituama miguuni huganda, na bonge likisafiri hadi kwenye mapafu linaua. Kutembea, pamoja na sindano za kuzuia damu kuganda, ndiyo kinga.

Hatua ya 5: Mafunda

Lengo ni angalau lita moja na nusu kwa siku. Ukilitazama chupani linaonekana haliwezekani, kwa sababu tumbo lako sasa limevimba na njia ni nyembamba. Kwa hiyo usitazame chupa. Chukua kikombe kidogo cha kupimia dawa chenye mililita 30, ambazo ni vijiko viwili vya mezani. Kimalize taratibu kila robo saa. Hiyo ni mililita 120 kwa saa, na ukiwa macho kwa muda wa saa 13 umefikisha 1,560. Haba na haba, kihalisi kabisa.

Weka kengele ya simu, maana kiu haitakukumbusha kwa wakati. Ukilala mchana, lipa deni ukiamka, lakini usilipe kwa mkupuo. Vinywaji vyenye gesi weka kando. Maji ya baridi yakikubana kifua, jaribu ya vuguvugu. Kuna watu maji yaleyale yakipashwa kidogo yanapita bila neno. Mkojo ukibaki mweupe au njano ya mbali, unaenda vizuri.

Hatua ya 6: Ngazi za chakula

Siku moja au mbili za kwanza ni vimiminika vyepesi ambavyo ukivitazama unaona upande wa pili. Hadi mwisho wa wiki ya pili ni vimiminika vizito: maziwa yasiyo na mafuta, mtindi laini, supu iliyochujwa. Wiki ya tatu na ya nne ni vyakula vilivyosagwa hadi visiwe na punje. Ya tano na ya sita ni vyakula laini vinavyopondeka kwa uma. Baada ya hapo unarudi taratibu kwenye vya kawaida.

Usiruke ngazi kwa sababu unajisikia vizuri. Mshono unapona kwa kasi yake, na hauna habari kwamba wewe umepata nguvu.

Protini ni gramu 60 hadi 80 kwa siku, na huliwa kwanza kabla ya kingine chochote sahanini. Yai moja lina kama gramu sita, kwa hiyo kufikia 60 kwa mayai ungehitaji kumi, na wewe huliwezi hata moja zima. Ndiyo maana miezi ya mwanzo wengi hutegemea unga wa protini uliochanganywa na maziwa. Kuutumia si uvivu.

Ukila haraka, au ukameza kitu kikavu kama nyama ya kuchoma au mkate, utasikia jiwe nyuma ya kifua, mate yanajaa mdomoni kama povu. Acha kula hapohapo. Usinywe maji kusukuma, utalizidisha. Tembea, subiri. Mara nyingi litapita au litatoka. Kwa aliyefanyiwa baipasi, vitu vitamu huweza kuleta moyo kwenda mbio, jasho na kuharisha ndani ya nusu saa. Wengine sukari huwashuka ghafla saa moja hadi tatu baadaye.

Hatua ya 7: Dalili za kutosubiri asubuhi

Moyo kupiga zaidi ya 120 kwa dakika ukiwa umetulia. Homa. Maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua. Kukosa pumzi. Mguu mmoja kuvimba na kuuma. Yoyote kati ya haya, nenda hospitali sasa hivi. Mshono unaweza kuvuja, na tumbo la mtu mnene halitoi ishara za wazi. Mara nyingi moyo ndio unaotangulia kusema. Jifunze kujipima mapigo kabla ya upasuaji, ili ujue kawaida yako.

Kutapika kwa siku mbili tatu mfululizo nako ni dharura, na si kwa sababu ya maji peke yake. Akiba ya vitamini B1 mwilini huisha ndani ya wiki chache, na ikiisha huharibu ubongo: macho yanachezacheza, miguu inayumba, akili inachanganyikiwa. Dripu ya sukari ikitangulia kabla ya vitamini hiyo inaweza kuharakisha madhara. Mwambie daktari wa zamu waziwazi: “Nilifanyiwa upasuaji wa tumbo wa kupunguza uzito, ninatapika, naomba B1 kabla ya sukari.” Hakuna ukosefu wa adabu hapo.

Hatua ya 8: Vidonge, na miezi inayofuata

Vitamini ni za maisha. Kuna multivitamini, B12, vitamini D, madini ya chuma, na kalsiamu miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa siku, ikigawanywa mara mbili au tatu. Chuma na kalsiamu hugombania mlango mmoja. Ziachanishe kwa muda wa saa mbili. Damu hupimwa mara kadhaa mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka, hata ukiwa unapendeza. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki ziepuke, hasa baada ya baipasi. Dawa za presha zinaweza kuhitaji kupunguzwa mapema, kwa hiyo ukiwa na kizunguzungu pima.

Karibu na wiki ya tatu mizani husimama. Watu hulia. Mwili unarudisha maji uliyoyapoteza mwanzoni, na mafuta yanaendelea kuyeyuka chini kwa chini. Usipunguze chakula zaidi. Kati ya mwezi wa tatu na wa sita nywele hukatika kwa mafungu, kisha huota tena. Uzito kwa kawaida hufika chini kabisa kati ya mwezi wa 12 na wa 24, halafu kilo chache hurudi.

Mimba isubiri miezi 12 hadi 18, na hili ni la kupangwa, kwa sababu uzito ukipungua uwezo wa kushika mimba huongezeka, wakati huohuo vidonge vya uzazi wa mpango huenda visifyonzwe vizuri baada ya baipasi. Pombe nayo hubadilika: glasi moja hupanda kichwani haraka na kwa nguvu zaidi, na kuna wanaoangukia kwenye ulevi ambao hawakuwa nao kabla. Moyo ukiwa mzito, ukijutia kilichofanyika, au ukifikiria kujidhuru, tuambie mapema kama ambavyo ungetuambia homa.

Mwisho, kata kipande cha karatasi kinachotosha kwenye pochi. Andika aina ya upasuaji, tarehe, simu ya timu yako, na mistari miwili: “Asipewe ibuprofeni wala diklofenaki. Akitapika, apewe B1 kabla ya dripu ya sukari.” Nakala ya pili mpe unayelala naye nyumba moja.