Kupima sensa ya gesi ya MQ-6 ili namba zako ziaminike

Kila msimu wa miradi ya mwaka wa mwisho wanafunzi huniletea ripoti zinazofanana, na jana imekuja nyingine: kengele ya gesi inalia vizuri ikisogezewa kiberiti cha gesi, na jedwali la ppm (sehemu za gesi katika kila sehemu milioni za hewa) limetoka kwenye programu iliyonakiliwa tu. Ukiuliza hizo ppm zimepatikanaje, kimya. Inaniuma, maana kazi yenyewe haihitaji maabara ya gharama. Inahitaji subira na ndoo.

Ndani ya MQ-6 kuna oksidi ya bati inayopashwa moto na hita, mbinu ambayo Mjapani Naoyoshi Taguchi aliiombea hataza mwaka 1962. Kwenye hewa safi oksijeni hung'ang'ania juu ya oksidi hiyo na kuzishika elektroni, hivyo ukinzani unakuwa mkubwa. Gesi ya kupikia ikifika huila ile oksijeni, elektroni zinaachiwa, ukinzani unashuka. Unachopima ni huo ukinzani, tunaouita Rs. Ppm unaikokotoa baadaye.

Hatua ya 1: Washa, usubiri. Hita hutumia volti 5 na takriban miliampia 150. Usiilishe kwa pini ya dijitali ya Arduino (bodi ndogo inayosoma sensa), utaiunguza pini hiyo. Sensa mpya iache imewaka saa 24, na 48 ni bora zaidi. Namba za saa ya kwanza hazitulii, usiziandike.

Hatua ya 2: Ijue rizista ya mzigo. Geuza bodi iliyobeba sensa na utafute kirizista cheusi karibu na pini ya AO, ile inayotoa volti ya sensa. Bodi nyingi za bei nafuu zina kilichoandikwa 102, yaani ohmu 1,000, wakati grafu za mtengenezaji zimechorwa kwa kiloohmu 20. Kipime kwa maltimita umeme ukiwa umezimwa, kisha kokotoa, RL ikiwa ni rizista hiyo ya mzigo:

Rs = RL × (5 − V) ÷ V

V ni volti unayoisoma kwenye AO. Kwa RL ya kiloohmu 20 na V ya 0.5, Rs ni kiloohmu 180.

Hatua ya 3: Tengeneza chumba cha kupimia. Chukua ndoo ya plastiki yenye mfuniko, uijaze maji kwa chupa ya lita moja hadi ujue ujazo wake halisi, kisha uikaushe. Weka ndani sensa, feni ndogo ya kompyuta ya kuchanganya hewa, na kipima joto na unyevu. Matundu ya waya yazibe kwa plastisini. Usitumie silikoni! Kijana mmoja niliyemsimamia aliziba ndoo yake kwa silikoni jioni. Asubuhi ilinuka siki, na sensa iliyokuwa hai jana yake haikushtuka hata kwa gesi nyingi. Mvuke wa silikoni huufunika uso wa oksidi, na hakuna dawa ya kuurudisha.

Hatua ya 4: Ingiza gesi kwa kipimo. Fanyia nje, mbali na moto wowote. Puliza gesi ya kujazia viberiti kwenye mfuko mdogo wa plastiki, ngoja kimiminika chote kigeuke gesi, ndipo uvute kwa bomba la sindano. Mililita 10 ndani ya lita 10 ni ppm 1,000. Pima 500, 1,000, 2,000 na 4,000, kila kiwango mara tatu. Usipande zaidi: butani huanza kuweza kulipuka karibu na ppm 18,000, na lazima ubaki mbali na hapo.

Hatua ya 5: Sema R0 yako ni ipi. Hapa ndipo ripoti nyingi huharibika. Kwa mtengenezaji, R0 ni ukinzani ndani ya ppm 1,000 za gesi ya kupikia. Wanafunzi wengi huchukua ule wa hewa safi, ambao ni takriban mara 10 zaidi, kisha husoma grafu ya mtengenezaji kana kwamba ni kitu kimoja. Chagua moja, uiandike wazi. Chora Rs/R0 dhidi ya ppm kwenye karatasi ya logi pande zote mbili (1, 10, 100 na 1,000 zikiwa kwa umbali sawa). Nukta zitakaribia mstari ulionyooka, na mstari huo ni wako. Ule wa mtengenezaji ulipimwa kwenye nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 65, hali ambayo Dar es Salaam ya Machi haiijui, kwa hiyo andika joto na unyevu kando ya kila nukta.

Kati ya dozi na dozi fungua ndoo, pepea, na usubiri Rs irudi ilikoanzia. Isiporudi, hilo nalo liingie kwenye ripoti.