Boti ya Dunga Asubuhi, Feri ya Luanda K'Otieno Alasiri: Namna ya Kupanga Safari Mbili za Majini kwa Siku Moja

Wageni wengi wanaofika Kisumu, mji wa Kenya ulio kando ya Ziwa Victoria, kwa siku mbili tatu huchagua moja kati ya mambo mawili: kupanda boti pale Dunga ili wawaone viboko na ndege wa mafunjo, au kuvuka kwa feri kutoka Luanda K'Otieno kwenda Mbita. Wachache hujua kwamba yote mawili huwezekana kwa siku moja, kutoka nyufuo mbili zilizo katika kaunti mbili tofauti, Kisumu na Siaya, na jioni ukalala katika kaunti ya tatu, Homa Bay. Sharti ni kwamba mpango uanze kufikiriwa kutoka mwisho. Usianze kwa kuuliza boti ya Dunga huondoka saa ngapi, kwa maana hiyo umeikodi wewe na itakungoja; anza kwa kuuliza feri ya Luanda K'Otieno huondoka saa ngapi, kwa maana hiyo haina habari na wewe.

Feri huvuka zaidi ya mara moja kwa siku, lakini saa zake hubadilika chombo kinapokwenda matengenezo, au abiria wanapopungua au kuongezeka, na ratiba uliyopewa na rafiki aliyesafiri mwaka jana haifai kuwekewa tumaini. Uliza siku moja kabla, ukiweza kwa mtu aliye gatini penyewe, kisha uulize swali la pili ambalo wengi hulisahau: ya mwisho ni saa ngapi? Ukishajua ya mwisho, lenga ile inayoitangulia. Hapo unakuwa na akiba, na akiba hiyo ndiyo inayoifanya siku yenye safari mbili iwe starehe badala ya kuwa mbio za roho mkononi.

Tuseme, kwa mfano tu, umeambiwa kuna feri ya saa tisa alasiri. Mwenye kutembea kwa miguu na awe gatini saa nane. Mwenye gari na awe pale saa saba na nusu, kwa sababu nafasi za magari ni chache na lori moja la mchanga linaweza kumeza nafasi za magari madogo matatu. Kutoka Kisumu hadi Luanda K'Otieno, kwa gari lako mwenyewe, jihesabie saa mbili. Kwa matatu jihesabie tatu, kwa kuwa kuna kungoja gari lijae na huenda ukalazimika kubadilisha gari Ndori, kwenye njia panda. Kwa hiyo msafiri wa matatu aondoke mjini saa tano kamili, na mwenye gari asivuke saa tano na nusu. Nyuma ya hapo kuna kula na kurudi mjini kutoka Dunga, ambako ni mwendo mfupi wa bodaboda au tuktuk. Ukizipanga saa hizi zote kwa kurudi nyuma utaona kwamba ni lazima mguu wako uwe nchi kavu Dunga ifikapo saa tatu asubuhi, yaani boti iondoke kunapopambazuka, saa kumi na mbili na nusu hivi.

Kuna sababu nyingine ya kuanza na boti ndogo, nayo ni ya ziwa lenyewe. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na asubuhi na mapema ziwa huwa limetulia. Jua likipanda, nchi hupata joto upesi, hewa yake hupanda juu, na upepo kutoka ziwani huingia kujaza pengo. Kisumu iko kwenye pembe ya kaskazini-mashariki ya Ghuba ya Winam, kwa hiyo upepo huo wa mchana husukuma mawimbi kuelekea mjini. Boti ya mbao yenye watu minane huyahisi mawimbi hayo vizuri sana. Feri yenye magari juu yake huyahisi kidogo. Chombo kidogo kwanza, kikubwa baadaye. Nimewahi kukutana na watu waliopanga kinyume, wakivuka kutoka Mbita asubuhi ili wapande boti Dunga saa kumi jioni kwa ajili ya machweo, na sisemi kwamba walikosea, maana machweo ya pale ni mazuri kweli. Nasema tu kwamba walirudi wameloa hadi kwenye mifuko.

Jioni ya kuamkia safari, nenda Dunga mwenyewe au umpigie simu mwenye boti, mkubaliane bei, muda na idadi ya watu. Bei iwe ya boti nzima na muda utajwe kwa saa, kwa sababu neno "mzunguko" kila mtu hulipimia kwa kibaba chake. Saa moja na nusu inatosha kupita kando ya mafunjo, kuwatafuta viboko kwa mbali na kurudi. Kinamasi cha Dunga kinajulikana kwa ndege wasiopenda kuishi penginepo ila kwenye mafunjo, na ukibahatika utamwona yule mwenye mgongo mweusi, kifua chekundu kama damu na utosi wa manjano, ambaye sauti yake husikika muda mrefu kabla hajajitokeza. Mwombe nahodha azime injini mkifika hapo. Kwa viboko ni kinyume: injini isizimwe, na boti isisogezwe karibu kwa ajili ya picha ya mtu yeyote.

Jaketi la kuokoa maisha livaliwe ukiwa bado ufuoni, na lijaribiwe. Funga mikanda yote, kisha mwambie mwenzako alishike mabegani na kulivuta juu. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa kwako, na majini litakutoka, omba jingine. Kwa mtoto jaribio hili halina msamaha, kwa sababu mara nyingi majaketi ya watu wazima ndiyo yaliyo mengi. Jingine ni kwamba usivue viatu na kuyakanyaga maji ya ufuoni ili kuifikia boti. Katika maji ya kina kifupi yenye majani huishi konokono wanaoeneza kichocho, na dakika chache zinatosha kukuambukiza. Panda kwa ubao au kwa gati. Aliyekwisha kuyakanyaga asihofu kupita kiasi, ila baada ya miezi miwili hivi aende kupimwa hospitalini, kwani dawa yake ipo.

Kabla ya kupanda boti, agiza samaki. Ngege mzima wa kukaanga na ugali havipikwi kwa dakika kumi, na watu wengi huipoteza saa nzima ya siku yao kwa kuagiza baada ya kushuka, halafu wanawalaumu akina mama wa jikoni. Sema utarudi saa tatu, ulipe kiasi kidogo cha kwanza, na utakuta sufuria ya ugali inafunuliwa.

Sasa niseme juu ya gugumaji, kwa sababu ndilo lililoniharibia jaribio langu la kwanza. Mmea huu, uliojitokeza upande wetu wa ziwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, hauna mizizi ya kuushika chini. Huelea na kwenda unakosukumwa na upepo, na ufuo uliokuwa wazi alfajiri unaweza kufungwa kabla ya chai ya saa nne. Siku ile tuliondoka Dunga maji yakiwa meupe kabisa. Tuliporudi tulikuta zulia la kijani lenye maua ya zambarau limekaa kati yetu na ufuo, upana wake labda mita hamsini, na rafadha ya injini ikasokotwa na mizizi mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila mara kijana wa boti aliinua injini, akainama na kisu, akakata, akarusha mafungu meusi yanayotiririka maji. Dakika arubaini zilikwenda hivyo. Matatu niliyoipata mjini ilikaa steji ikisubiri abiria wawili wa mwisho, mmoja akapatikana, yule mwingine hakupatikana, na tulipoteremka mteremko wa mwisho kuingia Luanda K'Otieno niliona mlango wa mbele wa feri ukiinuliwa taratibu kwa minyororo. Mama mmoja aliyeketi juu ya gunia lake la omena aliniangalia nikikimbia na begi, akaniambia, "Pole, mwanangu, hiyo imeenda. Kaa ule mahindi." Nilikuwa nimelenga ya mwisho. Usiku ule nililala kwenye chumba kilicho juu ya duka, nikisikiliza mvua kwenye mabati.

Tangu siku hiyo humwuliza nahodha jioni: "Mzee, gugumaji liko wapi leo?" Mzee niliyemzoea hujibu kwa kunyoosha kidole, si kwa maneno, na akinyoosha kuelekea mahali ambako upepo wa kesho utatokea, tunafupisha safari iwe saa moja tu.

Barabara yenyewe haina mambo mengi. Unatoka Kisumu kwa njia ya Busia hadi Kisian, unakata kushoto kwa barabara ya Bondo, na ukifika Ndori unaiacha hiyo na kuteremka kupitia Uyoma hadi ziwani, ni lami. Wa matatu apande gari la Bondo au Usenge ashukie Ndori, au atafute lile linalokwenda Luanda K'Otieno moja kwa moja, ambalo hupatikana zaidi asubuhi. Pesa taslimu kidogo ziwe mfukoni pamoja na zile za M-Pesa, kwani mtandao ukipotea, bodaboda wa Ndori hatakungoja urudi.

Jambo ambalo ni lazima uliamue kabla ya kuondoka Kisumu ni njia ya pili. Mbita hufikika pia kwa barabara, kwa kuzunguka ghuba upande wa kusini: Ahero, Katito, Kendu Bay, Homa Bay, kisha Mbita. Ni mwendo wa saa tatu au zaidi kidogo kwa gari la binafsi. Kisumu iko katikati ya njia hizi mbili, na ndiyo maana uamuzi hufanyika hapo. Ukishafika Ndori umekwenda mbali upande wa kaskazini, na kurudi kuizunguka ghuba yote ni kuifuta siku. Mimi hujiwekea saa: kama saa sita imenikuta bado mjini, naiacha feri, nashika njia ya Ahero bila majuto. Aliyelipia chumba Mbita atafika kulala, na feri ataipanda kesho yake kwa kurudi.

Kwenye gati la Luanda K'Otieno, kata tiketi kwanza, kisha ndipo utafute chai. Mwenye gari aliweke kwenye foleni mara moja na asiliache bila dereva, kwa sababu magari hupangwa kwa uzito na ukubwa, na anayepanga akikuita usipoonekana huita wa nyuma yako. Dereva huingiza gari peke yake; wengine wote huteremka na kuingia kwa miguu. Gari likishasimama, vuta breki ya mkono, zima injini, acha gia ikiwa imeingia, ushuke na upande juu. Kukaa ndani ya gari lililobanwa na mengine wakati chombo kiko majini ni tabia mbaya, hata kama una usingizi. Angalia majaketi yamewekwa wapi, kisha tafuta mahali pako.

Mvuko huchukua saa moja hivi, na ni mahali pazuri pa kuielewa ramani. Hapa ndipo Ghuba ya Winam inapokutana na ziwa kuu, ambalo Waluo huliita Nam Lolwe. Kushoto, kule mashariki, Mlima Homa umesimama peke yake; mbele ni Mbita; kulia ni kisiwa cha Rusinga, alikozikwa mwanasiasa Tom Mboya baada ya kuuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Rusinga na Mbita ziliunganishwa kwa tuta katika miaka ya 1980, na tuta hilo likaziba maji yaliyokuwa yakipita kati yake, hadi lilipoondolewa na kujengwa daraja ambalo maji hupita chini yake tena. Mwenye kukaa upande wa kulia wa feri ataiona Rusinga vizuri, ila jua la alasiri litampiga usoni. Kofia si anasa.

Wapo wanaotaka kuongeza safari ya tatu siku hiyo hiyo, wakisikia kwamba Mbita kuna boti za abiria za kwenda Mfangano. Nawashauri waache. Mfangano ina michoro ya kale ya mwambani, ya rangi nyekundu na nyeupe, na inahitaji mchana wake. Na kuingia ziwa kuu jioni kwa boti ndogo, wakati mawingu ya usiku yanaanza kujikusanya juu ya maji, ni jambo ambalo hata wenyeji hulifanya kwa dharura tu.

Ukishuka Mbita, mzigo ukiwa mkononi mwako na kabla hujamfuata bodaboda yeyote, rudi kwa mkata tiketi umwulize feri ya kwanza ya kesho inaondoka saa ngapi, na uliandike jibu kwenye simu yako.