Ya kuvaa kabla hujapanda Irente

Ukitoka Tanga mjini asubuhi, jasho linakutoka kabla basi halijafika Muheza. Ndiyo maana watu wengi wa pwani hupanda Lushoto na fulana moja na ndala. Lakini Tanga iko usawa wa bahari, Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi, na jabali la Irente, ambako watu hupanda kutazama bonde, liko juu kidogo ya hapo. Hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo ukiacha nyuzi 30 pwani, huko juu tegemea 21 au 22 mchana, na jioni chini ya hapo. Juni hadi Agosti ni baridi hasa.

Vaa vyepesi safarini, ila sweta usiliweke kwenye buti la basi. Liwe kwenye begi la mkononi, maana ukishapita Mombo na kuanza kona za Soni, hewa ya dirishani hubadilika upesi na begi lako kubwa hulifikii tena.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni fulana ya pili, kavu. Kutoka Lushoto mjini hadi Irente ni kilomita 5 au 6, na wengi hutembea. Njia ina milima, utaloa mgongo. Ukifika ukingoni, upepo unaopanda kutoka bondeni Mazinde unakukuta na nguo mbichi, na nguo mbichi hunyonya joto la mwili haraka. Badilisha fulana kwanza, vaa sweta, na juu yake jaketi jepesi la kuzuia upepo. Nguo tatu nyepesi zinafaa kuliko koti moja zito, kwa sababu unavua na kuvaa kadiri unavyotembea. Jinzi mimi siishauri. Ikilowa haikauki siku hiyo.

Viatu navyo vikaguliwe nyumbani. Geuza raba, pitisha kidole gumba kwenye soli: kama meno yamelika pakawa laini, iache. Udongo mwekundu wa milima hii ya Usambara ukinyeshewa unateleza vibaya, na pale juu unasimama kwenye mwamba mtupu, chini yako ni mamia ya mita. Ndala na viatu vya kisigino visifike ukingoni kabisa.

Dada na mama zetu, baibui na sketi pana si tatizo, tatizo ni upepo. Vaeni suruali au taiti ndani, ushungi ubanwe kwa pini, na pindo lisiburuze, kwa sababu mtu hulikanyaga anaposhuka, si anapopanda. Kanga ya ziada beba: utajifunga kiunoni mkipita vijijini, utajitanda kukipoa, utaikalia mkila. Kaka zangu nao wakumbuke kwamba njia ya Irente inapita milangoni mwa watu, basi kifua wazi si heshima.

Mtoto anayebebwa mgongoni anasahaulika sana. Mama anatembea, ana joto, anadhani na mwanawe ana joto. Kumbe mtoto hajatikisa mguu tangu mjini na nyayo zake ziko nje ya mbeleko. Mvalishe soksi na kofia ya kufunika masikio.

Jua lisikudanganye kwa ubaridi. Kadiri unavyopanda ndivyo linavyochoma zaidi, hata penye ukungu, kwa hiyo chukua kofia yenye kamba ya kidevuni. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba, beba koti la mvua. Mwavuli uacheni, ukivutwa na upepo pale ukingoni unakuvuta na wewe.

Ukipanga kuendelea hadi kijiji cha Mtae na kulala, ongeza sweta la pili, suruali nzito na soksi za kulalia. Huko ni juu zaidi ya Irente, na alfajiri ndipo watu hutoka kutazama mandhari.