Kupima pawa saplai kwa mzigo wa kielektroniki: modi za mpito na triga

Pawa saplai inaweza kushika volti 12 kamili ikiwa na mzigo tulivu, kisha ikayumba mara mota inapowaka. Udhaifu huo hujitokeza mkondo unaporuka. Hapa tunapima pawa saplai ya volti 12, ampea 5, kwa mzigo wa kielektroniki, yaani mashine inayovuta mkondo kwa kiasi unachokiweka. Tutautumia katika modi za mpito, mzigo ukiruka kati ya ampea 1 na ampea 4.

1. Nyaya kwanza, menyu baadaye. Tumia nyaya nene (milimita 2.5 za mraba), zisizozidi sentimita 30, chanya na hasi zikiwa zimesokotwa pamoja. Mita moja ya waya ina induktansi (ukinzani dhidi ya mabadiliko ya mkondo) ya karibu mikrohenri 1. Mkondo ukipanda kwa ampea 0.5 kila mikrosekunde, mita hiyo peke yake inakula nusu volti, nawe utailaumu pawa saplai kwa kosa la waya. Kwa sababu hiyo hiyo, probu ya osiloskopu (mashine inayochora volteji kadiri muda unavyokwenda) hukaa kwenye vituo vya pawa saplai, si vya mzigo.

2. Weka viwango. Chagua modi ya CC (mzigo unashika mkondo uliouweka), kisha renji, yaani upeo wa mkondo. Renji ndogo ikiishia ampea 4 kamili, tumia kubwa ili ubaki na nafasi. Ndipo uweke kasi ya kupanda na kushuka, kwa kuwa kikomo chake hutegemea renji. Kiwango A: ampea 4. Kiwango B: ampea 1. Kasi: ampea 0.5 kwa mikrosekunde. Kila mruko utachukua mikrosekunde 6.

3. Modi endelevu. Mzigo unaruka wenyewe kati ya A na B, hauhitaji triga (ishara ya kuuamuru uruke). Weka masafa ya kHz 1, A na B zigawane muda nusu kwa nusu. Osiloskopu iwe AC (ionyeshe mabadiliko tu, si volti 12 zenyewe), milivolti 100 kwa kisanduku, kichujio cha MHz 20 kikiwashwa. Mawimbi ya mkondo yaingie chaneli ya pili, na osiloskopu ichukue triga kutoka hapo. Volteji ina kelele nyingi mno.

Kuwa makini sana na tundu la kufuatilia mkondo la mzigo. Kwenye mashine nyingi hasi yake imeungwa na kituo hasi cha mzigo. Probu nyingine ikiwa imeshika hasi ya pawa saplai, sehemu ya mkondo wa jaribio itapita kwenye ardhi ya osiloskopu. Soma kitabu cha mashine. Kama tundu halijatengwa, tumia probu ya mkondo ya kubana waya.

Sasa tazama volteji. Kuzama mara moja na kurudi ni kawaida. Ikitetemeka mara kadhaa kabla ya kutulia, shuku kapasita za kutolea zilizokauka au saketi ya udhibiti isiyo thabiti.

Skrini ya mzigo itaonyesha takribani ampea 2.5, maana inasoma wastani. Ukipandisha masafa, kagua umbo la mkondo: kwa kasi ya ampea 0.05 kwa mikrosekunde, mruko unahitaji mikrosekunde 60, ilhali nusu ya mzunguko wa kHz 10 ni 50 tu. Ampea 4 haitafikiwa kamwe.

4. Modi ya mpigo. Mzigo hukaa B, ukipata triga hupanda A kwa muda uliouweka, kisha hurudi. Inafaa kujaribu ulinzi: A iwe ampea 7, upana milisekunde 5. Chagua chanzo cha triga BUS (amri kutoka kompyuta), washa modi ya mpito, washa ingizo la mzigo, weka osiloskopu kwenye Single (inase mara moja tu), ndipo utume amri ya triga, `*TRG`. Kama kimya, mara nyingi chanzo kimebaki EXT (ishara ya nje) au MAN (kitufe cha mashine); uliza kosa kwa `SYST:ERR?`. Volteji ikianguka karibu na sifuri, ulinzi umeshika.

5. Modi ya kubadilisha. Kila triga huhamisha mzigo kutoka A kwenda B au kinyume chake, na hukaa huko hadi triga nyingine. Ukitumia EXT, usiunganishe swichi tupu. Swichi hurukaruka inapofunga: triga mbili zikiingia badala ya moja, mzigo unarudi ulikokuwa nawe unadhani haukusikia. Tumia jenereta ya mawimbi au mikrokontrola yenye volteji inayoruhusiwa kwenye ingizo hilo, na uhakikishe kwanza kama ardhi yake nayo imetengwa na kituo hasi.