Kuanza mbio kwa programu ya simu: maelezo ya fundi cherehani wa Dodoma

Nimekalia cherehani pale Majengo miaka kumi na tisa, mwili ukawa umeshachukua umbo la kiti. Mara tatu nilianza kukimbia, mara tatu nikaacha kabla ya wiki mbili kwisha. Kosa lilikuwa lile lile: siku ya kwanza natoka mbio kama nimeacha pasi juu ya nguo ya mteja, siku ya tatu magoti hayakunjiki. Safari hii niko mwezi wa nane wa kukimbia. Kilichonisaidia ni programu ya simu, na ajabu ni kwamba kazi yake kubwa imekuwa kunizuia.

Tafuta inayofuata mpango wa Couch to 5K, yaani kutoka kwenye kochi mpaka kukimbia kilomita 5, zipo za bure. Ni wiki 9, siku 3 kwa wiki. Wiki ya kwanza unatembea haraka dakika 5, halafu unakimbia sekunde 60, unatembea sekunde 90, unarudia hivyo kwa dakika 20. Utaona ni mchezo wa watoto. Sauti ikisema tembea, wewe tembea, hata kama nguvu unazo na jirani anakutazama getini. Hapo ndipo nilipokuwa naharibu.

Kabla hujatoka, shughulikia betri. Simu nyingi tulizonazo, ukizima kioo zinaua programu ili kuokoa chaji. Ingia kwenye mipangilio, fungua programu yako ya mbio, nenda sehemu ya betri uondoe vizuizi, kisha uiruhusu ijue ulipo. Usipofanya hivyo utarudi umelowa jasho ukute imeandika mita 300. GPS yenyewe, ile ya satelaiti inayojua ulipo, haili bando. Ramani utaifungua baadaye ukiwa na intaneti. Na kama unatumia Strava, programu ya mbio ambayo watu wengine wanaweza kuona ulikopita, ficha mwanzo na mwisho wa njia yako, maana vinginevyo ramani inaweza kuwaonyesha mpaka mlango wa kwako. Dada zangu, hili msiliruke.

Kuna na saa ya kukumbushwa. Mimi niliandika 11:45, kichwani nikiwa na saa kumi na mbili kasorobo alfajiri. Simu haijui saa zetu. Ikalia saa sita kasorobo mchana, nimemzungushia mteja futi kamba kifuani, mwanamke wa ndani ya simu akatangaza kwa Kiingereza kwamba muda wa kukimbia umefika. Mteja akaniuliza kama namfukuza. Andika 5:45. Mwezi wa saba jua la hapa halichomozi mpaka karibu saa moja kasoro dakika kumi, kwa hiyo mimi hunywa maji, huvaa sketi juu ya taitsi, na kutoka kukishapambazuka. Ukichelewa mpaka saa tatu, bora ungoje kesho.

Njia iwe moja, fupi, ya lami. Nakaa Kisasa, na njia za mkato za vichakani nimeziacha tangu mbigili ilipopenya soli ya raba yangu ya mtumba. Kuanzia Juni mpaka Septemba kuna ule upepo wetu wa vumbi: anza kwa kuukabili, ili wakati wa kurudi, umeshachoka, ukusukume. Kasi kwenye kioo itaonekana aibu. Usiiangalie. Watoto wa mtaani kwetu wananiita Simbu, kwa jirani yetu wa Singida aliyechukua ubingwa wa dunia wa marathoni kule Tokyo mwaka 2025. Yeye alikimbia kilomita 42 na ushei kwa saa 2 na dakika 9. Mimi tano zangu nazimaliza kwa dakika 47, na nageuka kuwapungia mkono.

Wiki ya 5 ndiyo yenye shughuli. Siku ya kwanza unakimbia dakika 5 mara tatu, siku ya pili dakika 8 mara mbili, halafu siku ya tatu, bila huruma, dakika 20 mfululizo. Niliishia dakika ya 11, nikaketi kwenye kalavati. Kisha Januari ikaingia na sare za shule, nikashona usiku na mchana, wiki mbili sikugusa raba. Zamani hapo ndipo ningeacha. Nilichofanya ni kurudisha programu nyuma mpaka wiki ya 4, kama unavyofumua mshono uliokwenda kombo. Mpango wa wiki 9 ukanichukua 15. Programu haikununa. Ile dakika ya 20 niliivuka kwa kukimbia polepole kiasi kwamba bibi mwenye ndoo ya maji alikuwa mbele yangu muda wote.

Simu isikae mkononi, inakupinda bega. Kata vipande viwili vya jinzi, sentimita 20 kwa 11, weka zipu juu, shona pande tatu zilizobaki mara mbili, halafu unganisha na lastiki pana ya sentimita 4. Mzunguko wote, lastiki pamoja na mfuko, uwe pungufu ya kiuno chako kwa sentimita 8, la sivyo mfuko utakuruka mgongoni. Nimeshashonea wateja wawili. Wa pili alikuja na simu kubwa kama sahani ya pilau, ikabidi nikate upya.